Pikapu Isiyokubali Kuwaka: Jinsi ya Kulitafuta Kosa Lake

Leo twataka kunena habari za jambo ambalo watu wa Mlowo hulijua kwa uchungu, yaani pikapu iliyolala usiku ikiwa nzima, na kulipopambazuka ikakataa kuwaka.

Mlowo ni mji wa wilaya ya Mbozi, katika mkoa wa Songwe, mkoa uliokatwa kutoka mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Mji huu umekaa juu ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma, mpakani mwa Zambia, na hapo hapo huanza barabara iendayo Kamsamba, kuteremka katika bonde la Rukwa. Basi mahindi na maharage na kahawa ya Mbozi, kabla hayajapakiwa katika malori makubwa, hupakiwa kwanza katika pikapu. Lori kubwa haliingii katika njia nyembamba za mashambani wakati wa masika, pikapu huingia. Tena katika vijiji vilivyo mbali na hospitali, gari lile lile lililobeba magunia jana ndilo limbebalo mgonjwa leo. Kwa sababu hiyo pikapu ikikataa kuwaka, hasara haimpati mwenyewe peke yake.

Twaanza na jambo moja tunaloliona kuwa kubwa kuliko mengine yote: usinunue kitu kabla hujalijua kosa. Watu wengi, gari likikataa, hununua betri mpya. Likikataa tena hununua stata. Na siku ya tatu, fedha ya magunia imekwisha, na kosa bado liko mahali pake, likingoja. Fundi mwema hujulikana kwa maswali yake. Yule afikaye na spana mkononi akaanza kufungua nati kabla ya kuuliza gari lilisema nini, huyo afaa kutazamwa vizuri.

Sasa yatupasa kujua injini yataka nini ili iwake. Pikapu nyingi za huku hutumia dizeli, na jina hilo lilitokana na mtu, Rudolf Diesel, Mjerumani, ambaye injini yake ilifanya kazi vema katika mji wa Augsburg mwaka 1897. Injini ya petroli huwashwa kwa cheche ya umeme. Injini ya Diesel haina cheche. Husonga hewa katika silinda kwa nguvu nyingi, hata hewa iliyojaza silinda nzima ikabaki katika nafasi ndogo mno, kama sehemu moja ya ishirini ya ile ya kwanza. Yeyote aliyewahi kutia baiskeli upepo ajua ya kwamba pampu hupata moto mkononi. Hewa isongwayo hutoa joto. Katika silinda joto hilo hupita digrii 500, na dizeli ikipulizwa humo kama ukungu, huwaka yenyewe.

Kwa hiyo injini ya dizeli yataka mambo matatu tu: izungushwe kwa kasi ya kutosha, ipewe dizeli safi isiyo na hewa wala maji, na iwe na joto la kuanzia. Kila kosa tutakalolinena leo limo katika mojawapo la mambo hayo matatu. Kazi ya kuizungusha ni ya stata, mota ndogo yenye nguvu itumiayo umeme wa betri. Zamani watu waliizungusha injini kwa mkono, kwa kipande cha chuma kilichopindwa, nacho kiliwavunja wengi mikono kiliporudi nyuma kwa ghafula. Mwaka 1912 motokaa za Cadillac, huko Marekani, zilianza kuuzwa zikiwa na stata ya umeme, kazi ya Charles Kettering na wenzake, na tangu hapo mikono ya madereva imepona.

Basi dereva amekaa, ameshika ufunguo, ameuzungusha. Asikilize. Sauti ya gari katika nukta zile mbili tatu za kwanza hueleza zaidi kuliko maneno ya majirani kumi. Kama stata yazungusha injini kwa kasi yake ya kila siku, nayo injini haishiki, betri na stata hazina kosa. Usiziguse, nenda kwenye dizeli na joto. Kama injini yazunguka kwa taabu, kama mzee apandaye mlima, umeme haufiki wa kutosha. Kama yasikika “ta-ta-ta-ta-ta” ya haraka, mara nyingi betri imeishiwa. Kama yasikika “tak!” moja, kisha kimya, huenda umeme umezuiwa njiani, au stata yenyewe imechoka. Na kama hapana sauti yoyote, hata ndogo, hapo umeme wa amri, ule utokao katika swichi ya ufunguo kwenda kuiamsha stata, haujafika.

Iko njia nyepesi ya kuyahakikisha hayo, isiyotaka chombo wala fedha. Ziwashe taa kubwa za mbele, mtu mmoja asimame azitazame (asisimame mbele ya gari, bali kando), kisha zungusha ufunguo. Zikibaki na mwanga ule ule, na stata iko kimya, umeme hauendi katika stata hata kidogo. Tazama fyuzi, swichi, na waya mwembamba uingiao katika stata. Zikififia polepole hata zikawa nyekundu, betri imeishiwa nguvu, au injini imekazana. Zikizimika kwa ghafula, kisha zikarudi kung’aa mara uachapo ufunguo, shuku maungio, yaani pale ambapo waya hushikana na betri, au na bodi, au na injini.

Twamjua mtu mmoja wa Mlowo, mfanyi biashara ya mahindi, mwenye pikapu ya Toyota ya injini iitwayo 3L, ambayo ukubwa wake ni kama lita 2.8. Asubuhi moja ya mwezi wa Juni gari lake lilisema “tak!” likanyamaza. Majirani wakakusanyika, kama ilivyo desturi. Mmoja akasema, “Bwana, betri hiyo imekufa, usihangaike.” Wa pili akasema ni stata, ya kwake nayo ilianza hivyo hivyo. Yule bwana alikuwa amekwisha kuhesabu magunia mangapi atayauza ili apate betri, ndipo mkewe akauliza, “Na mbona taa zinawaka vizuri namna hii, ikiwa betri imekufa?”

Lilikuwa swali la haki, lakini jibu lake lina mtego ndani, na wanafunzi wafanye hesabu pamoja nasi. Taa moja kubwa ya wati 55 huvuta umeme wa kama ampea 5. Stata ya injini ya dizeli ya namna hii huvuta ampea 200 na zaidi. Tuseme kwamba uchafu ulioingia baina ya waya na kichwa cha betri umeongeza kizuizi kidogo sana, cha omu 0.03. Kwa taa, kizuizi hicho hula 5 mara 0.03, yaani volti 0.15, hakuna jicho la mtu liwezalo kuiona tofauti hiyo. Kwa stata, ikitaka kuvuta ampea zake 200, hula 200 mara 0.03, yaani volti 6. Betri ya volti 12 imekuwa kama betri ya volti 6! Njia ya mguu humtosha mwenda kwa miguu. Jaribu kupitisha mkokoteni wenye magunia, utaona. Kwa hiyo taa kuwaka vizuri si ushahidi wa kwamba umeme wafika katika stata, na taa kuwaka vizuri si ushahidi wa kwamba betri ni mbovu. Huonyesha tu ya kwamba betri haijaisha kabisa.

Fundi aliyeitwa alikuwa kijana, naye alikuja na mita ndogo ya kupimia volti. Akagusa vichwa viwili vya risasi vya betri, gari likiwa limetulia: volti 12.5. Betri iliyojaa husoma kama 12.6 au 12.7, ikisoma 12.0 iko karibu na kuishiwa. Kumbe betri ilikuwa na afya. Kisha akamwambia mwenye gari azungushe ufunguo, naye akashika mita pale pale juu ya risasi: volti zikabaki zaidi ya 12. Kisha akahamisha ncha ya mita kidole kimoja tu, kutoka juu ya kichwa cha risasi mpaka juu ya kibano cha waya kilichokikumbatia, ufunguo ukazungushwa tena, na volti zikaanguka hata 4. Umeme ulikuwa ukipotea katika nafasi ile ya unene wa karatasi, kati ya risasi na kibano.

Akakifungua kibano. Ndani mlikuwa na unga mweupe na kijani, na juu ya risasi utando mweusi mgumu. Huo ni mvuke wa asidi ya betri, ambao hula chuma, shaba na risasi. Wageni huja Ndolezi, huko huko Mbozi, kukitazama kimondo, pande la chuma na nikeli lenye uzito wa zaidi ya tani 10, lililoanguka kutoka mbinguni, ambalo limestahimili mvua nyingi na bado lipo. Kibano cha betri hakikujaliwa nguvu hiyo. Msimu mmoja wa uzembe watosha.

Kusafisha ni kazi ya nusu saa, lakini ina adabu yake. Vua pete na saa ya mkononi, maana chuma kikiunganisha vichwa vyote viwili huwa chekundu kwa moto mara moja. Fungua kwanza waya wa hasi, ule uendao katika bodi, ndipo ufungue wa chanya. Na wakati wa kufunga, anza na chanya, malizia na hasi. Sababu yake ni hii: bodi yote ya gari ni hasi, na spana ikiteleza ikagusa bodi wakati waya wa hasi umekwisha kutolewa, haidhuru kitu. Koroga magadi katika maji ya moto, mwagia juu ya uchafu, nawe utaona povu. Ni magadi yakiiua asidi. Angalia yasiingie ndani ya betri, kwa sababu yataiua asidi ya humo pia. Suuza, kausha, kisha kwangua risasi na upande wa ndani wa kibano kwa kisu au msasa hata ving’ae. Kaza nati, kibano kisicheze hata kidogo ukikitikisa kwa mkono, na mwishoni paka mafuta mazito juu yake ili mvuke usipate njia. Usipake mafuta kabla ya kukaza.

Gari la yule bwana liliwaka mara ya kwanza. Magunia hayakuuzwa siku ile.

Walakini ungio la betri si ungio la pekee. Waya mnene wa hasi hufungwa tena katika injini au katika bodi, na mwingine huunganisha injini na bodi, kwa sababu injini imekaa juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme. Waya hizo hukaa chini, penye matope na maji, nazo husahauliwa. Mwenye mita aweke ncha moja juu ya kichwa cha hasi cha betri, na ncha ya pili juu ya chuma safi cha injini, kisha stata izungushwe. Mita isome chini ya nusu volti. Ikisoma moja au mbili, waya wa hasi una kosa. Asiye na mita achukue waya za kuazimia umeme, aunganishe hasi ya betri na chuma cha injini moja kwa moja: gari likiwaka kwa nguvu, jibu limepatikana.

Ikiwa betri yenyewe ndiyo imeishiwa, twaweza kuazima umeme kwa gari jingine la volti 12. Waya nyekundu hushika chanya ya betri iliyoishiwa, kisha chanya ya betri nzima. Waya nyeusi hushika hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho hushika chuma cha injini ya gari lililokwama, mbali na betri. Ncha hiyo ya mwisho hutoa cheche, na betri hutoa hewa iitwayo hidrojeni, ambayo hulipuka. Wako watu waliopoteza macho kwa kuidharau kanuni hii, na wengine kwa kuwasha kiberiti ili watazame kama maji yamo. Betri yenye vifuniko vya kufungua iongezwe maji yaliyokenekwa, yauzwayo katika chupa, hata yafunike bamba za ndani; asidi haiongezwi.

Na kusukuma? Kusukuma hufaa kwa gari lenye gia za mkono tu. Ufunguo uwekwe mahali pa kuwasha, gia iwe ya pili, klachi ikanyagwe. Gari likipata mwendo klachi iachwe upesi. Tumeona watoto wakisukuma pikapu katika barabara kuu, alfajiri, taa zimezimika, hali malori ya Zambia na Kongo yakija nyuma kwa kasi. Hilo halifai kabisa. Lisukumwe katika uwanja au njia ya pembeni, na asiwepo mtu mbele yake.

Sasa tuje kwenye gari ambalo stata yake yazungusha vema na injini haishiki. Hapa baridi ya Mbozi ina neno lake. Nyanda hizi ziko juu, mahali pengi mita 1,500 na zaidi toka usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai chuma cha injini huwa baridi kama jiwe la mtoni. Hewa isongwayo katika silinda baridi hupoteza joto lake katika kuta. Ndiyo maana injini nyingi za dizeli za zamani huwa na vijiti vya kupasha joto, kimoja katika kila silinda, ambavyo mafundi wetu huviita hita. Dereva awashe ufunguo, angoje taa ya hita izimike, ndipo apige stata. Asiye na subira huilaumu injini bure.

Dalili ya hita mbovu ni hii: asubuhi gari hukataa, au huwaka kwa kutetemeka na moshi mweupe, lakini adhuhuri huwaka bila taabu. Kuzijaribu, ondoa kipande cha chuma kiziunganishacho, chukua balbu ndogo ya volti 12 yenye waya mbili, waya mmoja ushike chanya ya betri, wa pili uguse kichwa cha kila hita. Balbu ikiwaka, hita ina njia ya umeme, isipowaka, imekatika. Zikiwa zote ni nzima, tazama kama umeme wazifikia wakati ufunguo umewashwa.

Wako wanaochoma karatasi au kitambaa penye mdomo wa kuvutia hewa, na wengine huwasha moto chini ya injini. Twawaomba waache. Pikapu huegeshwa karibu na mabua makavu na nyumba za nyasi, nayo ina dizeli na mafuta tumboni. Vile vile dawa ya kupulizia katika mdomo wa hewa haifai kwa injini yenye hita: dawa huwaka kabla ya wakati wake, na pistoni hupasuka.

Ikiwa hapana moshi wowote katika bomba la nyuma wakati stata ikizunguka, dizeli haifiki katika silinda. Tazama kwanza lililo jepesi, kama imo katika tangi. Kipimo cha dashibodi hudanganya. Kisha iko valvu ndogo ya umeme juu ya pampu ya dizeli, ambayo hufungua njia uwashapo ufunguo na kuifunga uuzimapo. Ukiwasha na kuzima ufunguo mahali penye kimya, utaisikia ikilia “tik”. Isipolia, tazama waya wake na fyuzi yake kabla ya kuilaumu pampu, kwa maana pampu ni ghali kuliko vyote tulivyovitaja leo.

Na sasa maji na hewa. Pikapu moja iliyokuwa ikipanda kutoka upande wa Kamsamba ilisimama kijijini kumpokea mama mjamzito, apelekwe hospitali ya Vwawa. Dereva alikuwa ameongeza dizeli ya dumu, iliyonunuliwa kando ya njia. Injini ikazimika, na kila alipopiga stata ilizunguka vema wala haikushika. Angeendelea kupiga, betri ingeishiwa, na hapo pangekuwa na makosa mawili badala ya moja. Hakuendelea. Alifungua skrubu iliyo chini ya chujio la dizeli, akaweka kikombe cha bati. Maji ni mazito kuliko dizeli, hukaa chini. Yalitoka kwanza maji ya matope, karibu kikombe kizima, kisha dizeli. Akaifunga skrubu, akakandamiza kwa kiganja pampu ya mkono iliyo juu ya chujio, mara nyingi, mpaka ikawa ngumu. Ugumu huo ndio ishara ya kwamba hewa imetoka na dizeli imejaa. Akapiga stata: injini ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikashika. Yule mama alifika Vwawa kabla ya jua kuzama.

Kama pampu ya mkono haiwi ngumu, hewa yaingia mahali fulani kati ya tangi na chujio: mpira uliopasuka, kibano kilicholegea, au pampu ya mkono yenyewe inayovuja. Mahali pavujapo dizeli injini ikiwa inafanya kazi huweza kuvuta hewa usiku kucha gari likiwa limelala. Na kama imekuwa ngumu na injini bado haishiki, hewa imekwisha kuingia katika mirija ya chuma iendayo kwenye nozeli. Katika injini za zamani fundi hulegeza nati za mirija hiyo kichwani pa nozeli, stata huzungushwa, na dizeli ikitoka bila povu nati hukazwa. Mikono iwe mbali, kwa sababu dizeli itokayo kwa nguvu hupenya ngozi, na jeraha dogo la namna hiyo ni la kupelekwa hospitali siku ile ile. Wala mtu asinyonye dizeli kwa kinywa. Ikiingia mapafuni huweza kuua.

Pikapu mpya zilizoanza kuenea tangu miaka ya 2000 zina habari nyingine. Dizeli yao hukaa katika bomba la pamoja kwa msukumo unaopita mara 1,000 ya ule wa hewa tuivutayo, na kompyuta ndiyo iamuruyo kila tone. Mirija ya injini hizo isifunguliwe na mtu ambaye hakufundishwa. Tena baadhi yake hukataa kuwaka kwa sababu hazimtambui ufunguo, ambao umefichwa chombo kidogo ndani ya kichwa chake. Taa yenye picha ya ufunguo au kufuli ikimetameta katika dashibodi, jaribu ufunguo wa pili kabla ya neno lolote. Lakini kompyuta haikuondoa kanuni za betri. Kibano kichafu huisumbua vile vile.

Wenye pikapu za petroli twawapa maneno machache. Stata ikizunguka na injini haishiki, nusa bomba la nyuma. Harufu kali ya petroli yaonyesha ya kwamba petroli yafika nayo haichomwi: fungua plagi, zikaushe, tazama waya na koili. Kama hapana harufu, tazama pampu na chujio. Kujaribu cheche karibu na petroli iliyomwagika ni kutafuta msiba.

Gari likisha kuwaka, kazi haijaisha. Pima volti za betri injini ikiwa inanguruma: zisome kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Zikibaki 12 na kushuka, jenereta haitoi umeme, au mkanda wake umelegea, na kesho utarudi pale pale. Jioni, injini ikiisha kuzimwa na kupoa, pima tena uandike. Alfajiri pima kabla ya kugusa ufunguo. Tofauti ya sehemu moja ya kumi ya volti si kitu. Betri nzuri ikianguka toka 12.6 hata 12.1 usiku mmoja, kipo kitu kinachokula umeme gari likiwa limelala: taa ya ndani, redio, au waya uliochubuka. Funga milango, tia mita ya ampea baina ya waya wa hasi na betri, kisha toa fyuzi moja moja. Ile ambayo ikitolewa mshale hushuka, ndiyo yenye mwizi wako.